Umeniuliza ngapi, hukuniuliza zipi

Jioni moja klabuni, pande zote mbili zikiwa hatarini (hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi), niliokota karata hizi: shupaza ree, malkia, jeki, 9, 6, kopa mfalme, malkia, 4, uru 8, 3, pau ree, mfalme, 5. Pointi 19. Nikafungua mnada kwa 1 shupaza. Mwenzangu, mzee aliyeanza briji kabla sijazaliwa, akaruka hadi 3 shupaza, maana yake ana turufu nne na pointi 10 au 11. Mkono wangu ukatangulia akili, nikaweka mezani 4 bila turufu, swali la kumuuliza mwenzako ana karata ngapi za ufunguo, yaani ree nne na mfalme wa turufu. Akajibu 5 kopa, yaani ana karata mbili za ufunguo na hana malkia wa turufu. Malkia alikuwa kwangu. Funguo nilizo nazo mbili, zake mbili, inakosekana moja kati ya tano. Nikanadi 6 shupaza bila kusita, slamu ndogo, yaani ahadi ya kula mizunguko 12 kati ya 13.

Wa kushoto akatoa ree ya uru, akafuatisha mfalme wa uru. Mkataba umekufa kabla sijagusa karata yangu ya tatu.

Nikamtazama mwenzangu. "Mzee, uru je?"

"Mwanangu, umeniuliza ngapi, nimekujibu ngapi. Hukuniuliza zipi."

Mzee alikuwa na shupaza mfalme, 10, 7, 4. Kopa ree, jeki, 5. Uru 9, 7, 6. Pau malkia, 7, 2. Alinadi sawasawa mwanzo hadi mwisho. Shupaza zinaleta mizunguko mitano, kopa mitatu, pau mitatu. Jumla 11. Wa kumi na mbili haupatikani hata ungemweka bingwa wa dunia kwenye kiti changu, kwa sababu hakuna mahali pa kutupia uru hata moja.

Sasa mpe mzee karata nyingine, pointi zikiwa 10 zilezile: shupaza mfalme, 10, 7, 4, kopa 7, 5, uru ree, 9, 6, pau malkia, jeki, 8, 4. Nimuulize kwa 4 bila turufu. Atajibu nini? 5 kopa, jibu lilelile, kwa kuwa ana karata mbili za ufunguo bila malkia. Lakini hapa slamu ni nzuri sana. Wapinzani wakitoa uru, unakula kwa ree, unamaliza turufu zao, unacheza pau nne na kwenye ya nne unatupa uru yako iliyobaki. Kisha unawapa ree ya kopa, na kopa yako ya tatu unaikata kwa turufu iliyobaki mezani, kwenye karata za mzee. Mizunguko 12 inatimia, isipokuwa siku ile adimu ambapo turufu zao zote nne zimelala mkono mmoja.

Swali moja na jibu moja, lakini mkono wa kwanza haufiki kabisa na wa pili unafika karibu kila siku.

Naandika haya kwa sababu mezani kwetu kuna imani kwamba kuonyesha udhibiti, ile njia ya kutaja ngome zako moja moja kabla ya slamu, ni pambo la mabingwa, na kwamba mchezaji wa kawaida atosheke na kuuliza ree. Imani hiyo naiona kinyume cha ukweli. Anayehitaji kuonyeshwa zaidi ni mchezaji wa kawaida, kwa kuwa bingwa akikosea mnada bado anaweza kujiokoa katika uchezaji.

Kwanza nimpe muulizaji haki yake. Easley Blackwood wa Indianapolis alibuni swali hili la 4 bila turufu mwaka 1933, na lilienea duniani kwa sababu lilitibu ugonjwa halisi: watu walikuwa wananadi slamu huku ree mbili ziko kwa wapinzani. Hilo ndilo lengo lake, kukuzuia usipande. John Gerber wa Houston akaja na lake mwaka 1938, la 4 pau, na hadi leo ndilo linalofaa mwenzako akifungua kwa 1 bila turufu, kwa sababu pale 4 bila turufu huhitajika kwa kazi nyingine. Baadaye mfalme wa turufu akahesabiwa kama ree ya tano, malkia wake akapewa nafasi ndani ya majibu, na swali likawa kali kuliko lilivyozaliwa. Leo wapo wanaobishana kama 5 pau imaanishe funguo moja au nne, au sifuri au tatu. Mtindo wa moja au nne unaitwa 14-30, na wachezaji wanaupenda pia kwa kuwa 1430 ndiyo alama unayopata ukitimiza 6 shupaza au 6 kopa ukiwa hatarini. Kwangu ubishi huo ni mdogo. Chagueni mmoja muukumbuke wote wawili.

Swali lina faida nyingine mbili ambazo mtetezi wa kuonyesha hana budi kuzikubali. Halihitaji kukumbuka mengi, na ukiketi na mtu uliyekutana naye leo, makubaliano machache ni salama kuliko mengi. Pia halitoi siri. Ninapotaja udhibiti wangu aina kwa aina, wapinzani wanasikiliza. Mmoja wao akiipiga dabo (tamko la kuongeza alama maradufu) ile 4 uru yangu, amemwambia mwenzake atoe uru bila kufungua mdomo. Muulizaji hatoboi hivyo. Anauliza, anajibiwa, anafunga mnada, na anayetoa karata ya kwanza anabaki kukisia.

Ipo pia mikono ambayo idadi ndiyo jambo pekee unalolihitaji. Una shupaza saba kuanzia mfalme, na kila aina nyingine unayo mfalme na malkia au karata moja tu. Popote ree za mwenzako zilipo zitakufaa. Hapo uliza, na ukionyesha unajichelewesha.

Tatizo ni kwamba mikono hiyo ni michache, na sisi tunauliza kwa yote.

Turudi kwenye mkono wangu, tuuendeshe kwa kuonyesha. Nimefungua 1 shupaza, mzee kasema 3 shupaza. Sasa nasema 4 pau. Hii haimaanishi nataka kucheza pau, turufu zimeshakubaliwa. Nasema kwamba nina udhibiti wa pau, yaani wapinzani hawawezi kula mizunguko miwili ya kwanza ya pau. Udhibiti unaweza kuwa ree au mfalme, au kuwa na karata moja tu ya aina hiyo, au kutokuwa nayo kabisa. Mzee mwenye mkono wa kwanza anajibu 4 kopa. Ameiruka uru. Kuruka huko kunaniambia jambo ambalo 5 kopa yake haikuweza kuniambia: uru hana. Mimi nina 8 na 3. Basi wote wawili hatuna, na ree na mfalme wa uru wako ng'ambo. Nasema 4 shupaza, mnada unakwisha, tunakula 11 na kuandika 650.

Mzee mwenye mkono wa pili anajibu 4 uru. Moyo unatulia. Hapo, na hapo tu, nauliza 4 bila turufu kuhakikisha hatukosi funguo mbili. Anajibu 5 kopa, nami nanadi 6.

Kwa hiyo anayeonyesha hajaliacha swali la Blackwood. Analiuliza baadaye, akijua kwamba jibu lolote litakalokuja ataweza kulitumia. Waitaliano wa ile timu iliyoitwa Blue Team, akina Garozzo, Belladonna na Forquet, walitaja udhibiti wa mzunguko wa kwanza na wa pili bila kubagua, na kuanzia 1957 hadi 1969 Italia haikupoteza Bermuda Bowl, yaani ubingwa wa dunia wa timu, hata mara moja. Sisemi walishinda kwa hilo peke yake, maana walikuwa wachezaji wa ajabu kwa kila kipimo. Lakini hawakuwa wakipamba mnada.

Muulizaji hunijibu kwa hesabu, na hesabu yake naijua kwa moyo. Ukiwa hatarini, 6 shupaza iliyotimia ni 1430, na 4 shupaza yenye mizunguko 12 ni 680. Tofauti 750, ambayo katika mechi ya timu ni impi 13 (impi ni alama za kulinganisha matokeo ya timu mbili). Slamu ikianguka kwa mzunguko mmoja unatoa 100 badala ya kupata 650, na tofauti ni ileile 750, impi 13. Faida na hasara ziko sawa. Basi, anasema muulizaji, slamu ndogo inahitaji nafasi ya asilimia 50 tu. Ikikosekana ree moja, nadi, na mara nyingi utakuwa mbele.

Hesabu yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye asilimia anayoipima. Unapojua kwamba ree moja haipo na hujui zilizopo ziko wapi, ile 50 yako ni wastani wa mikono kama wa kwanza, ambayo ni karibu sifuri, na mikono kama wa pili, ambayo iko juu ya tisini. Wastani huo ni wa kweli kwa asiyejua. Lakini kwa nini usijue, wakati kujua kunagharimu 4 pau moja iliyo chini ya kiwango mnachokwenda kufika hata hivyo? Anayeuliza tu hupata impi 13 leo na kutoa 13 kesho, kisha husema bahati. Anayeonyesha kwanza huzipata za leo, na kesho anabaki kwenye 4 shupaza. Nimeifanya hesabu hii mara nyingi kwenye mikono yangu ya zamani, na kila mara inanikalia kooni, kwa sababu impi hizo hazipotei kwa uchezaji mbaya. Zinapotea wakati karata 52 zote bado ziko mikononi.

Katika duplikati ya jozi, ambapo mikono ileile inapita meza zote na unalinganishwa na waliokalia viti vyako, uchungu ni zaidi. Kama nusu ya chumba wameuliza kwa pupa wakaanguka kwenye 6, yule aliyetulia kwenye 4 akaandika 650 amewapita wote hao bila kucheza karata moja ya kusifiwa.

Slamu kuu, yaani ahadi ya mizunguko yote 13, ndiyo inayomdai muulizaji usahihi zaidi. Katika timu, ukiwa hatarini, 7 shupaza inakuongezea 750 juu ya 6, impi 13. Lakini ikianguka umepoteza 1530, impi 17. Unahitaji karibu asilimia 57. Hapa lile swali jipya la funguo na malkia lina thamani kubwa. Mkiwa na turufu tisa bila malkia, ukicheza ree na mfalme utamwangusha malkia takriban mara 53 kwa mia, na hiyo haitoshi. Jibu linalosema malkia yupo linageuza mnada wote. Hilo Blackwood wa kale asingeweza kukupa, na kuonyesha udhibiti peke yake pia hakukupi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Unauliza 4 bila turufu, unajibiwa, kisha unaganda. Unatazama dari. Baada ya muda mrefu unasema 5 shupaza, na mwenzako aliyekuona ukihangaika anapandisha hadi 6. Inatimia. Wapinzani wanamwita mwamuzi, na mwamuzi anairudisha kwenye 5. Sheria ya 16 ya briji haimruhusu mchezaji kuchagua njia iliyopendekezwa na kusita kwa mwenzake, ikiwa ipo njia nyingine ya busara. Wengi huondoka mezani wakinung'unika kwamba wameonewa. Hawakuonewa. Aliyeuliza ndiye nahodha, mwenzake alishakabidhi uamuzi, na kusita kule kulikuwa ushahidi kwamba swali liliulizwa kabla ya muulizaji kujua atalifanyia nini jibu. Wanaoonyesha nao husita, sikatai. Lakini kwao wote wawili bado wanashiriki uamuzi, na kila tamko lina maana yake bila kusaidiwa na sura ya mtu.

Mkono usio na karata hata moja ya aina fulani nitautaja kwa kifupi. Huna pau kabisa, unauliza, unajibiwa "moja". Ikiwa ni ree ya pau, haina kazi. Ikiwa ni ya uru, ni dhahabu. Jibu halitofautishi. Na mkikubaliana pau kuwa turufu, jibu la 5 uru limeshakupitisha 5 pau kabla hujajua kama unataka kwenda huko. Yapo mapatano yaliyobuniwa kuziba mashimo haya, mengine mazuri, ila kila moja linadai kumbukumbu, na kutodai kumbukumbu ndiko kulikokuwa sifa kuu ya kuuliza tu.

Wiki iliyofuata mzee na mimi tuliandika mapatano mawili nyuma ya kadi yetu: turufu zikishakubaliwa tunaonyesha udhibiti wa kwanza au wa pili kwa mpangilio wa kupanda, na anayeruka aina hana. Ilituchukua kikombe kimoja cha chai. Mkono wa saba jioni ile nilifungua 1 kopa, akasema 3 kopa, nikasema 3 shupaza, akasema 4 uru. Pau ameiruka. Nikatazama pau zangu: jeki na 6. Nikasema 4 kopa, na safari hii mzee ndiye aliyenitazama, kisha akafunga karata zake taratibu na kuziweka mezani.