Jina la sonara nalo liandikwe

Vikitajwa vito vya Georges Braque, mchoraji wa Kifaransa, utasikia "ndege wa Braque", na habari inaishia hapo. Ndege ni wake kweli. Aliwachora miaka na miaka, hata dari ya chumba kimoja cha Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ina ndege wake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa mzee, alichotoa yeye ni michoro. Aliyeigeuza kuwa pete, vidani na pini za kifuani ni sonara Heger de Loewenfeld. Vito hivyo vilionyeshwa Paris mwaka 1963, mwaka aliofariki Braque. Jina hilo la pili, wangapi wanalijua?

Linaniuma hili. Kwenye karatasi ndege huruka bila tabu. Kwenye dhahabu, lazima mtu aamue bawa liwe nene kiasi gani lisije likapinda, ncha ya mdomo isichane hariri, uzito usivute nguo ikaning'inia. Maamuzi hayo ndiyo yanayomfanya ndege avalike, na anayeyafanya ni sonara.

Kwa mchoraji Pablo Picasso ni vilevile. Fahali na samaki wake wa dhahabu na fedha walifuliwa na François Hugo, sonara wa Aix-en-Provence. Muhuri wa Hugo umegongwa kwenye kazi hizo, lakini anayesifiwa ni Picasso.

Alexander Calder, mchongaji wa Kimarekani, simdai kitu. Yeye alishika nyundo mwenyewe, akapinda na kubamiza waya wa shaba na wa fedha hadi akaacha vito vipatavyo 1,800. Samaki wake ukimtazama kwa karibu, alama za nyundo zinaonekana wazi, na kwangu mimi hao ndio wazuri kuliko wote.

Basi chui wa mwaka 1949 wa Cartier, kampuni ya vito ya Paris, ni pini iliyokuwa ya mke wa Duke wa Windsor; ameketi juu ya yakuti samawi ya karati 152.35. Aliyeongoza kazi, Jeanne Toussaint, tunamjua. Mchoraji, Pierre Lemarchand, tunamjua. Lakini madoa ya manyoya yake ni yakuti samawi ndogondogo zilizokatwa na kupachikwa moja moja katikati ya almasi. Makumbusho na minada inayoonyesha vito vya namna hii iulize kwenye karakana ni nani aliyekaa na kazi hiyo, na jina lake liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule.