Usilipie kifaa kabla ya kujua kompyuta inakwama wapi

Kompyuta mpakato ikianza kuchoka, ushauri humiminika: ongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa), weka SSD (hifadhi ya chipu badala ya diski ya kuzunguka), badilisha betri, achana nayo ununue mpya. Kila mmoja ana ukweli wake, kwa mashine fulani. Kinachoniuma ni kuona mtu analipia kifaa bila kwanza kujua mashine yake inakwama wapi, kisha anairudisha nyumbani ikiwa nzito vilevile.

Kujua hakuhitaji fundi. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager, dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski, ifunguke, kisha endelea na kazi zako za kila siku huku ukiitazama. Diski ikigota asilimia 100 ilhali prosesa, ubongo wa kompyuta, inacheza kwenye 10 au 15, basi prosesa imekaa inasubiri data. Lakini angalia na RAM hapohapo. Ikijaa, Windows huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na diski inaonekana ndiyo mkosaji kumbe imebebeshwa tu.

Kama ndani bado kuna diski ya kuzunguka, mjadala unaisha haraka: weka SSD. Diski hizo nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea husogea huku na kule kutafuta data, kila safari ikichukua zaidi ya milisekunde 10. SSD haina kinachozunguka, nayo hufika kwenye data ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Kuwasha kompyuta ni kusoma mafaili madogo kwa maelfu, ndiyo maana tofauti huonekana tangu siku ya kwanza.

Ushawishi wa kulipa zaidi huanzia hapo. SSD huunganishwa na kompyuta kwa njia ya SATA, ya zamani, au NVMe, ya kasi zaidi: ya SATA hufikia takriban MB 550 kwa sekunde, na ya NVMe ya kizazi cha PCIe 4.0 inaweza kukaribia MB 7,000. Anayehariri video na kunakili mafaili makubwa kila siku atalifaidi pengo hilo. Anayeandika, kusoma barua pepe na kuvinjari intaneti hatalihisi, na mimi kwake ningechagua nafasi kubwa kuliko kasi ya kwenye karatasi. Hakikisha pia nafasi ya M.2 (tundu dogo la kuchomekea SSD nyembamba) ya mashine yako inapokea aina ipi, kwa kuwa SSD za M.2 za SATA na za NVMe zinafanana kwa umbo, na mashine nyingine hukubali moja tu.

Kuhusu RAM, kutoka GB 4 kwenda 8 utahisi nafuu. Kutoka 8 kwenda 16 ni haki ya mwenye kufungua kurasa nyingi na programu nzito kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, watu wengi wanalipia nafasi itakayokaa tupu. Wapo wanaosema heri kununua nyingi mapema, na kwa mashine nyembamba za siku hizi nawaunga mkono kabisa: RAM imechomelewa kwenye ubao mkuu, haiongezeki tena. MacBook Pro ya Retina ilikuja hivyo mwaka 2012, na kompyuta nyingi zimefuata njia hiyo. Kwa mashine ya namna hii, siku ya kununua ndiyo siku ya kulipia RAM. Hifadhi, kama inabadilishika, inaweza kungoja.

Betri ni hesabu nyepesi. Amri ya powercfg /batteryreport, ukiiandika kwenye Command Prompt ya Windows, hukutengenezea ripoti inayoonyesha uwezo wake ilipokuwa mpya na uwezo ilionao sasa, nawe ukaamua. Ikiwa imevimba, acha kuitumia na uibadilishe mara moja. Hapo tunazungumzia moto.

Swali gumu ni la mashine kuukuu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Prosesa ya kompyuta mpakato nayo kwa kawaida imechomelewa. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha 6 ukiiwekea SSD itakuwa nyepesi, lakini haitakidhi masharti ya mfumo mpya. Wanaosema fedha hiyo ikawekwe kwenye mashine mpya wana hoja nzito, hasa kwa anayetegemea programu za Windows kazini. Kwa aliye tayari kuhamia Linux, mfumo mwingine usio wa Microsoft, hoja hiyo inapungua nguvu sana.

Mimi bado ningeweka SSD kwenye mashine hiyo kuukuu, kwa sababu inaweza kuchomolewa na kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine, au kutiwa kwenye kasha la USB ikawa diski ya nje. RAM nisingeinunulia, kwa kuwa ina vizazi visivyoingiliana: ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala ya DDR4 kwenye DDR5, hivyo mashine ikifa, mara nyingi RAM yake hufa nayo.