Nani anahesabu thamani ya Mrima?

Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba chini ya kilima cha Mrima, kule Kwale katika pwani ya Kenya, kuna niobiamu (metali ya kuimarishia chuma) na madini adimu yenye thamani ya dola bilioni 62.4. Tangu hapo takwimu hiyo haijapoa. Inatajwa kwenye mikutano ya siasa na vijiweni, na kila ikitajwa hufuatwa na lawama ile ile: wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, Mrima ukiwa mmojawapo, wametukalisha juu ya utajiri huku tukilala njaa.

Lawama hiyo ina chimbuko lake. Mgodi wa titani wa Kwale ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na kusimamisha uchimbaji Desemba 2024, na mishahara ikaenda nao. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa madini anayoyatoa, hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi penye machimbo. Madini ya Mrima nayo yanatakiwa kwa sumaku za magari ya umeme na mitambo ya upepo, ndiyo maana miaka hii wageni kutoka Marekani, Uchina na Australia hawaishi kupiga hodi. Kijana anayeutaka mgodi simwiti msaliti wa mila. Ana watoto wa kulisha.

Ila hizo bilioni 62.4 zinanikera, na naomba tuzitazame vizuri. Ni bei ya jiwe likiwa bado ardhini, kabla hujalichimba, hujalisaga, hujalitenganisha na takataka zake wala kulifikisha bandarini. Hakuna gharama iliyotolewa humo. Mwananchi akiisikia hudhani ni fedha zilizofungiwa sandukuni na mzee mmoja kakalia ufunguo. Mwamba wenyewe una thoriamu, madini yenye mionzi. Ukishaupasua, vumbi lake litatua juu ya paa la nani, na kisima cha nani? Juu ya mwamba huo upo msitu wenye Gigasiphon macrosiphon, mti wa maua makubwa meupe ambao Kenya nzima unapatikana katika misitu michache tu ya Kwale, Mrima ukiwemo. Zipo na dawa ambazo waganga wa Kidigo, mojawapo ya jamii za Mijikenda, huzifuata humo humo. Hayo yote, kwenye hesabu ya bilioni 62.4, ni sifuri.

Halafu watu husahau jinsi leseni ya Cortec ya kuchimba Mrima ilivyokufa. Ilitolewa Machi 2013, ikafutwa na serikali Agosti mwaka huo huo. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa uwekezaji, ikidai zaidi ya dola bilioni 2. Oktoba 2018 ikashindwa. Waamuzi walisema leseni ilikuwa batili tangu mwanzo, maana ilitolewa bila kutimiza masharti ya mazingira, na mahali penyewe ni msitu wa hifadhi na pia turathi ya kitaifa. Sharti la sheria na sharti la wazee, ukiyaangalia, ni ndugu: usiingie kabla hujauliza.

Mwenye kutaka kuelewa sharti hilo aende Kaya Kinondo, karibu na Diani. Pale mlangoni nilifungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kupiga hatua. Ndani, njia ni nyembamba, mnapita mmoja nyuma ya mwenzake. Tawi kubwa lilikuwa limeanguka, limekauka, limelala katikati ya njia. Kiongozi wetu akaliruka bila kulisogeza. Mwenzetu mmoja aliinama kuokota mbegu iliyong'aa kwa wekundu, na kabla hajaifikia akashikwa mkono kwa upole. Kinachoanguka humu kinabaki humu. Msitu huo haupiti sana hekta 30, umezungukwa na hoteli na viwanja vinavyouzwa kwa bei ya kutisha, na bado umesimama. (Nikiri pia kwamba tulipotoka tulimkuta mama akitokea mbali na mzigo wa kuni kichwani. Katazo lina watu wanaolilipia, na kwa kawaida ni akina mama.)

Mijikenda walijenga kaya hizi tangu karne ya 16 kama vijiji vyenye ngome msituni, wakahama taratibu hadi miaka ya 1940, wakawaachia wahenga wao. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza baadhi yake katika Urithi wa Dunia. Mwaka mmoja baadaye, 2009, shirika hilo hilo likaziweka mila za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka. Tarehe hizi mbili zilivyofuatana zinanisumbua kuliko lolote. Msitu tumeuita hazina, ilhali mwenye kuulinda anazama. Kaya hazikulindwa na seng'enge wala askari wenye bunduki. Zililindwa na neno la mzee, na neno hilo lina nguvu pale tu mzee anapoheshimiwa.

Na heshima hiyo imeingia mashakani vibaya. Upande wa Kilifi wazee wameuawa kwa mapanga wakisingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Mvi zimekuwa hatari. Mahubiri nayo, ya msikitini na ya kanisani, yamewafundisha wengi kuiona kaya kuwa ushirikina mtupu. Dini ya mtu ni haki yake, siingilii. Ila kijana anapokataa kuivaa kaniki kwa kuogopa jina la mchawi, baraza linakosa mrithi, na siku mashine itakapofika hakutakuwa na wa kusema simama.

Kwa hiyo sisemi Mrima usichimbwe kamwe. Huenda wenyewe wakakubali, kwa kiasi na kwa masharti yao. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inahesabu maeneo ya ibada ya jamii kuwa ardhi ya jamii. Basi mazungumzo yaanzie kwa wazee, kwa Kidigo, ripoti ya mazingira ikiwa imeshasomwa hadharani, hesabu ya faida na ya vumbi zikiwa zimelazwa mkekani pamoja, na vijana na akina mama wa kuni wakiwa wameketi hapo hapo. Mpaka leo mwenendo umekuwa wa kinyume: leseni inaandikwa Nairobi, kisha mzee anaitwa kutia kidole gumba.