Kulipa maelfu ya euro ili usile: kabla hujacheka

Kila zikizunguka picha za watu wenye hela zao wamekaa kando ya ziwa huko Austria au Ujerumani, wamevaa joho jeupe, mbele yao kibakuli cha supu nyepesi ya mboga na basi, komenti huwa ni zile zile: wazungu wameishiwa mambo ya kufanya, sisi njaa tunaipata bure. Nacheka na mimi, maana kweli inachekesha mtu kulipia hoteli ya nyota tano halafu jikoni wanamnyima chakula. Ila naona ule utani unatuishia kwenye bei, tukishaitaja bei tumefunga mjadala, na kuna mambo pale ndani yanastahili kuangaliwa vizuri zaidi ya hivyo.

Kwanza hizi kliniki hazifanani, ingawa watu wanazitia kapu moja. Kuna za Austria kama VivaMayr na Lanserhof, zinazotokana na daktari mmoja anaitwa Franz Xaver Mayr (1875–1965) aliyeamini kwamba magonjwa mengi yanaanzia kwenye utumbo uliochoka. Kuna Clinique La Prairie pale Montreux, Uswisi, hiyo historia yake nitaigusa chini. Na kuna Buchinger Wilhelmi ya Überlingen kwenye ziwa Constance, ambayo shughuli yake ni kufunga, kufunga kwelikweli siku kadhaa mfululizo huku daktari anakufuatilia. Kote unaanza kwa kupimwa damu, presha, na kuulizwa dawa zako zote, na kote wiki moja inakula maelfu ya euro.

Kwa Mayr siku inaanza na glasi ya maji yenye chumvi ya haluli, hiyo hiyo haluli unayoijua wewe, tofauti ni kwamba huku unainywa ukiangalia milima. Halafu mkate. Kimkate kidogo kilicholala mpaka kikakauka, unakata kipande, unatafuna mara thelathini, arobaini, mpaka kinakuwa uji mdomoni na kinaanza kuwa kitamu, maana mate yanavunja wanga kuwa sukari, hapo ndo unaruhusiwa kijiko cha mtindi, unameza, unaanza kipande kingine. Simu haitakiwi mezani. Kimkate kimoja tu ambacho nyumbani ungekimaliza umesimama unatafuta funguo za gari kinaweza kukuchukua nusu saa. Baadaye daktari anakulaza na kukuminyaminya tumbo kwa mikono yake, taratibu, dakika nyingi tu. Jiulize mara ya mwisho daktari kukugusa tumbo kwa dakika nyingi ilikuwa lini, mimi huku kwetu nikiingia kwa daktari naandikiwa vipimo kabla kiti hakijapata joto.

Sasa wanaopinga wana hoja, na sio ndogo. Lile neno detoksi linalobandikwa kwenye kila brosha halina miguu ya kusimamia. Kazi ya kutoa uchafu mwilini inafanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila kulipwa, na ukimwomba mwenye kliniki akutajie ni sumu ipi hasa imetoka na imepimwa wapi, mara nyingi unaishia kupewa maneno matamu. Kuna sehemu wanakuwekea unga wa chakula kwenye ulimi halafu wanakusukuma mkono kuona kama msuli umelegea, eti hapo wamejua kama chakula hicho kinakukataa. Kipimo hicho kikijaribiwa kwa siri, yaani anayepima hajui umewekewa nini, kinakuwa sawa na kurusha shilingi. Dripu za vitamini kwa mtu ambaye hana upungufu wowote, unakojoa hela. Na kilo nne ulizopoteza wiki ya kwanza, sehemu kubwa ni maji: akiba ya wanga iliyoko kwenye ini na misuli inashikilia maji kama mara tatu ya uzito wake, ikiisha na maji yanatoka, ukirudi kwenye wali yanarudi nayo.

Na kuna mambo mabaya zaidi ya kupoteza hela. Paul Niehans, daktari aliyeijenga La Prairie kuanzia 1931, umaarufu wake ulitokana na kuwadunga watu chembe hai zilizotolewa kwenye vijusi vya kondoo, akiahidi kurudisha nguvu za ujana. Mwaka 1954 aliitwa mpaka Vatican kumtibu Papa Pius XII, baada ya hapo matajiri wa dunia wakapanga foleni. Ushahidi wa kwamba inafanya kazi haukuwahi kupatikana, na tabia yenyewe haikufa: 2014 Wamarekani watano waliokwenda Ujerumani kudungwa chembe za kondoo walipata homa ya Q, ugonjwa wa wanyama, waliupata kwa hela zao wenyewe. Kwa hiyo mtu akisema sekta hii imejaa utapeli uliovaa koti jeupe, siwezi kumbishia sana.

Lakini hapo ndo watu wengi wanaishia, na hapo ndo mimi nina tatizo nao. Kwa sababu ya chembe za kondoo wanatupilia mbali hata kufunga, wakati kufunga kumewahi kupimwa.

Otto Buchinger alikuwa daktari wa jeshi la majini la Ujerumani. Baridi yabisi ilimkamata viungo mpaka akatolewa jeshini, mtu mzima mwenye familia, daktari, na wenzake hawana la kumfanyia. Mwaka 1919 akaenda Freiburg kwa daktari mwingine aliyekuwa akitibu kwa kufunga, akafunga kama wiki tatu, viungo vikalegea. Mwaka uliofuata akafungua kliniki yake Witzenhausen, na ile ya Überlingen ikafuata 1953. Hadithi ya mtu mmoja sio ushahidi, najua, hata mganga wa mtaani kwako ana hadithi ya mtu mmoja. Ila angalia ugonjwa wenyewe ni upi, halafu nenda Norway.

Mwaka 1991 jarida la kitabibu la Lancet lilitoa utafiti wa Wanorway kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo. Wagonjwa 27 wakapelekwa kukaa wiki nne kwenye kituo cha afya, wakaanza kwa kufunga siku saba mpaka kumi, wanapewa chai za majani, supu ya mboga, vitunguu saumu, juisi za karoti na biturutu, baadaye wakawekwa kwenye chakula kisicho na nyama kwa mwaka mzima. Wengine 26 nao walitolewa majumbani kwao, wiki nne pia, kwenye nyumba ya mapumziko, ila wao waliendelea kula chakula chao cha siku zote. Hapa ndo ninapopapenda. Kila mtu anayezicheka hizi kliniki anasema mwishoni, aah, ni mapumziko tu yale, hata ukienda kulala kwa shangazi shamba wiki tatu bila stresi utapona. Hoja nzuri sana, na wale Wanorway waliijibu miaka zaidi ya thelathini iliyopita, kwa sababu kundi la pili lilipumzika vile vile. Baada ya wiki nne waliofunga walikuwa wamepungua viungo vilivyovimba, vinavyouma, ugumu wa asubuhi, mkono unashika kwa nguvu zaidi, na hata vipimo vya damu vya uvimbe vimeshuka. Waliopumzika tu walipungukiwa na maumivu, basi. Na baada ya mwaka nafuu ya kundi la kwanza ilikuwa bado ipo.

Ni utafiti mdogo, watu 53, na huwezi kumficha mtu kwamba hajala, kwa hiyo matumaini ya mgonjwa yameingia humo, hakuna ujanja. Lakini vipimo vya damu na mtu aliyeshindwa kufungua kopo sasa anafungua, sio vitu vya kupuuza kwa sababu tu tajiri fulani naye anafunga mahali pazuri.

Ule mwingine unaotajwa sana ni wa 2019, uliotoka kwenye jarida la kisayansi la PLOS ONE, watu 1,422 waliofunga pale pale Buchinger Wilhelmi kati ya siku nne na ishirini na moja, kwa kalori 200 mpaka 250 kwa siku: juisi, supu ya mboga, asali kidogo. Presha ilishuka, sukari ilishuka, mafuta kwenye damu yalishuka, waliopata madhara walikuwa chini ya asilimia 1. Namba inayonisumbua mimi ni nyingine: asilimia 93 hivi walisema hawakusikia njaa. Asilimia 93! Mtu yeyote aliyewahi kukosa chakula cha siku mbili kwa sababu hana, akiisoma hiyo atadhani anatukanwa. Nimeigeuza sana kichwani. Kuna maelezo ya kimwili, baada ya siku mbili tatu mwili unahamia kwenye kuchoma mafuta na hamu inatulia. Kuna maelezo kwamba waliokuja pale walichagua wenyewe kuja na wamelipa, nani atalipa hela zote hizo halafu aandike kwenye fomu kwamba anateseka. Utafiti hauna kundi la kulinganisha, na baadhi ya waandishi wake ni watu wa kliniki yenyewe, mtu wa kwanza kwenye orodha ni wa familia inayoimiliki. Haya yote yanapunguza uzito wake na ni haki yapunguze.

Bado lakini kuna kitu hapo. Njaa ya mtu anayejua kesho saa sita atapata juisi, ambaye muuguzi kamfunga taulo la unyevu na chupa ya maji ya moto ubavuni upande wa ini akamfunika shuka alale, ambaye jirani zake wote hawali, haiwezi kuwa sawa na njaa ya aliyekosa. Anayefunga Ramadhani analijua hili bila kuambiwa na PLOS ONE, saa kumi jioni mnapofunga wote mtaa mzima ni nyepesi kuliko saa kumi ile ile ukiwa peke yako ofisini wenzako wanapasha chipsi. Kwa hiyo ule utani wa njaa tunaipata bure haulengi mahali. Sisi bure tunapata kukosa. Kule wanauza uangalizi, na wenzako mnaovumilia nao.

Na uangalizi ndo wenye gharama kwa haki kabisa. Mtu wa presha akifunga, presha inashuka huku anaendelea kumeza dozi ile ile, anaweza kuanguka bafuni. Mwenye kisukari anayejichoma insulini asiyepunguziwa dozi anaweza kuzimia. Aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula hatakiwi hata kukaribishwa. Kuanza tena kula nako kuna utaratibu wake, siku nzima ya kwanza unaweza kupewa tufaha moja na supu ya viazi. Kliniki nzuri inajua kumkataa mtu mlangoni, na hiyo huduma haionekani kwenye picha.

Kinachonikera ni kwamba kilichosafiri mpaka kwetu ni lile neno la uongo peke yake. Ukipita mitandaoni utauziwa chai ya detoksi, nyingi ukizichunguza ni sanamaki kwenye pakiti ya kung'aa, unaharisha siku tano unaambiwa sumu inatoka, hakuna aliyekupima presha wala kukuuliza unameza dawa gani. Yaani tumepokea brosha, daktari kabaki ziwani.

Kuhusu bei, hapo wanaocheka wana haki nusu. Ni kweli sakafu za mawe na mpishi wa kupima chumvi kwa gramu havimponyeshi mtu. Lakini Ulaya yenyewe wazo la kwenda mahali wiki tatu ukatengenezwe mwili halikuwa la matajiri peke yao. Ujerumani mfuko wa pensheni unampeleka fundi wa bomba mwenye mgongo mbovu kwenye kituo cha matibabu wiki tatu, yeye anachangia euro 10 kwa siku, kwa hesabu kwamba ni rahisi kumtengeneza arudi kazini kuliko kumlipa pensheni kabla ya wakati wake. Ufaransa daktari anakuandikia siku 18 za matibabu ya maji ya chemchemi na bima ya taifa inarudisha sehemu ya gharama za matibabu hayo. Huko hakuna anayefunga, wengi wanafanya mazoezi, wanakandwa, wanalala mapema, lakini lile la kumtoa mtu kwake kwa muda mrefu wa kutosha lipo na linalipiwa na michango ya kila mtu.

Na kufunga nako kumeshavuka ukuta. Berlin, pale Wannsee, hospitali ya Immanuel ina idara iliyoongozwa kwa miaka mingi na Andreas Michalsen, profesa wa Charité, hospitali ya chuo kikuu cha Berlin, na mmoja wa waandishi wa ule utafiti wa 2019, wagonjwa wa viungo na wa presha wanafungishwa humo ndani wakiwa wamelazwa wodini, na anayekidhi vigezo bima ya kawaida inamlipia. Supu ni ile ile ya mboga. Mwenye wasiwasi na maelfu ya euro ningemshauri aanzie kuuliza maswali yake pale, kwa sababu pale hakuna wa kuuziwa joho.