Insha kwa ajili ya ufadhili wa fizikia: kalamu inapima nini hasa?

Tangazo la shindano la insha likibandikwa kwenye ubao wa idara ya fizikia, kauli ya kwanza huwa ileile: sisi ni watu wa hesabu, mambo ya insha wapelekeeni watu wa fasihi. Utani huo umebeba lalamiko la kweli. Ada ya mwaka mzima inawekwa mezani, halafu anaichukua aliyejaliwa ufasaha, huku anayekesha na milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku akibaki na deni lake.

Lalamiko lina uzito, ila linasahau kwamba fizikia yenyewe iliwahi kusogezwa mbele na shindano la kuandika. Mwaka 1817 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza tuzo kuhusu jinsi mwanga unavyopinda kwenye kingo za vitu. Mhandisi wa barabara, Augustin Fresnel, akapeleka andiko lisilo na jina, lenye kaulimbiu ya Kilatini tu. Kati ya majaji watano, watatu (Laplace, Biot na Poisson) walishikilia kwamba mwanga ni chembe. Fresnel alitetea wimbi. Poisson akazichukua hesabu za andiko hilo ili aliumbue: zikiwa kweli, basi katikati ya kivuli cha kisahani cha mviringo lazima paonekane doa la mwanga. Nani angeamini? Arago, jaji mwenzake, akajaribu, na doa likawepo. Mwaka 1819 tuzo ikaenda kwa Fresnel.

Kinachonivutia hapo kuliko ushindi ni kwamba andiko lilimpa Poisson pa kushika. Lingeweza kuanguka. Sasa chukua swali linalopendwa na waandaaji wengi: “Kwa nini ulichagua fizikia?” Jaji atashika wapi? Atasoma habari za nyota za utotoni na redio iliyofumuliwa kwa bisibisi, kisha atampa alama aliyemgusa moyo. Hapo watu wa hesabu wana haki ya kununa.

Badilisha swali: “Eleza kipimo ulichokosea maabarani na jinsi ulivyoligundua kosa.” Mwanafunzi anaachia pendulamu, na palepale anapoiachia anasema “moja”. Anahesabu mpaka “kumi”, anasimamisha saa, anagawa muda kwa kumi. Mchapuko wa uvutano wa dunia unatoka 12.1 badala ya 9.8. Analaumu saa. Anapima uzi upya. Kumbe mabembeo yalikuwa tisa. Ile “moja” ilipaswa kuwa “sifuri”. Muda wa bembeo moja umepungua kwa sehemu ya kumi, na kwa kuwa kwenye kanuni muda huo uko chini ya mstari, tena umepigwa kipeo cha pili, jibu limevimba kwa karibu asilimia 23. Anayeweza kuyaeleza haya kwa ukurasa mmoja, msomaji akaona kosa linavyokua, ameonyesha kitu ambacho mtihani wa saa tatu haukigusi: mtihani hutoa namba zilizokwisha safishwa.

Hata hivyo, lugha bado ni kikwazo. Wengi husoma fizikia kwa lugha waliyoikuta shuleni, na jaji hatenganishi kirahisi wazo dhaifu na sentensi iliyopinda. Kuficha majina, kama ilivyokuwa kwa Fresnel, huzuia upendeleo wa jina na chuo. Lafudhi ya kalamu haifichiki.

Kuna pia suala la pesa ni za nini. Taasisi ya Gravity Research Foundation, iliyoanzishwa na tajiri Roger Babson, hutoa tuzo za insha tangu 1949. Babson alitamani kipatikane kitu cha kuzuia uvutano. Mwaka 1953 mwanafizikia Bryce DeWitt aliandika kwamba ndoto hiyo haina mashiko, na bado akapewa tuzo ya kwanza, dola 1,000. Heshima kwa majaji. Lakini DeWitt alikuwa tayari na shahada ya uzamivu. Pesa zile alizitaka kwa ajili ya nyumba. Angekosa, angeendelea na kazi yake. Mwanafunzi anayetegemea ufadhili akikosa, huenda asirudi muhula ujao. Tuzo inaweza kumfuata aliyeandika vizuri siku hiyo moja. Ada ya mtu haifai kuning’inizwa kwenye maneno elfu moja, na ningemshauri mfadhili atenganishe mafungu: dogo kwa insha, kubwa kwa wenye uwezo wa darasani na uhitaji uliothibitishwa.

Na akili mnemba je? Wapo wanaosema imeshazika mashindano haya. Imezika swali la “kwa nini ulichagua fizikia”, na sidhani kama kuna wa kulilia. Kwa mengine, dawa ni ya zamani: waliofika fainali waitwe, wapewe chaki na dakika kumi, waulizwe juu ya walichoandika. Je, kama ungehesabu mabembeo hamsini badala ya kumi, kosa lako lingebaki kubwa vilevile? Aliyehangaika na ule uzi atakuwa ameshaanza kuandika ubaoni kabla swali halijaisha. Aliyeandikiwa ataanza kusifu umuhimu wa umakini katika sayansi.