Filamu au dijitali: anayebaki na picha ni nani?

Miezi michache iliyopita aliingia studio mama mmoja mjane, anatafuta picha ya marehemu mumewe. Hakuitaka ya kutundika ukutani. Aliambiwa iambatanishwe kwenye faili la mirathi, na ile moja iliyokuwa nyumbani mchwa walishaimaliza pamoja na fremu yake. Alichokuja nacho ni kipande cha bahasha ya kaki chenye namba iliyoandikwa kwa penseli: 4417.

Studio si yangu. Ni ya mzee aliyenifundisha kazi, ipo Ngamiani hapa Tanga, na siku hizi naishika mimi kwa kuwa macho yake yamechoka. Nikafungua daftari: 4417, Machi 1988, pasipoti saizi, amelipa nusu. Nikavuta kasha, nikatoa negativu, kile kipande cha mkanda uliosafishwa ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe: mraba wa sentimita sita kwa sita, uliopigwa kwa kamera ile ya Yashica ya lenzi mbili. Nikakishika ukingoni na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Shati jeusi, uso mweupe, nywele nyeupe pe kama za mtu wa miaka tisini. Mama akachungulia na kusema, "Ndiye huyu. Sikio lake hilo." Baada ya saa moja aliondoka na picha nne mkononi.

Wiki hiyohiyo akanipigia mteja niliyempigia harusi mwaka 2014. Albamu yao imelowa mafuriko, anaomba nimtolee nyingine. Sina. Harusi ile na nyingine kadhaa zilikuwa kwenye diski moja ya kompyuta iliyoanguka kutoka mezani, ikawa inalia tik-tik ikichomekwa na haifunguki. Nilimwomba radhi. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu.

Nimeanza na haya mawili kwa sababu kila tunapokaa wapiga picha, ubishi wa filamu, yaani mkanda wa kamera, na dijitali unaishia palepale kwenye sura ya picha. Upande mmoja wapo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaozifufua kamera za babu zao, na kampuni zimewasikia: Leica waliirudisha kamera yao ya mkanda, M6, mwaka 2022, Pentax wakatoa Pentax 17, kamera mpya kabisa ya mkanda, mwaka 2024. Wanasifia rangi, wanasifia chengachenga, zile punje zinazoonekana kwenye picha ya mkanda. Upande wa pili wapo wenye mikopo ya kamera za kisasa, wanaowaona wenzao kuwa na mapozi tu, au kama ni mzee, basi ubishi wa uzee. Wote wanabishania uzuri. Mimi nadhani mwenye mkanda anaeleweka vibaya, na kosa la kwanza ni lake mwenyewe, maana anajitetea kwa hoja yake dhaifu kuliko zote.

Tumpe kwanza mwenye dijitali haki yake, na si ndogo. Kijana ninayefanya naye kazi za harusi huniambia, "Kaka, picha inatakiwa iwe kwenye grupu kabla keki haijakatwa." Na ni kweli. Kamati ya harusi imechangisha, imelipa, inataka kuona. Mambo ya "njoo Alhamisi picha zitakuwa zimesafishwa" yamekwisha. Tena mkanda wa rangi unataka dawa yenye joto la nyuzi 38, dakika tatu na sekunde kumi na tano, na joto likiyumba kidogo rangi inageuka. Hiyo ilikuwa kazi ya mashine. Mashine ya mwisho niliyokuwa nikiipelekea mikanda mjini hapa ilikosa vipuri, ikafunikwa turubai. Sasa mkanda wa rangi unapanda basi. Wa nyeusi na nyeupe nausafisha mwenyewe kwenye tangi, ila dawa zake zinataka nyuzi 20, na Januari maji ya bomba la Tanga ni ya uvuguvugu, kwa hiyo natuma mtoto akaninunulie barafu kwa muuza juisi. Mtu akiniuliza kama hiyo ni biashara, sina jibu la kumridhisha.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo wapenda filamu huipita haraka. Filamu za rangi hazikutengenezwa kwa ajili ya ngozi zetu. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi iliyoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi mmoja wa Kodak, kampuni ya kutengeneza filamu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Weka darasa lenye watoto weupe na weusi kwenye picha moja, hawa weusi wanabaki macho na meno. Waliofuatilia historia hiyo wanasema Kodak walianza kushughulikia vivuli vya kahawia kwa bidii pale watengenezaji wa chokoleti na wa samani walipolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Mbao na chokoleti zilisikilizwa. Sasa mtu akisimama mbele yangu na kusema filamu ina roho, huwa namuuliza roho ya nani. Leo kwenye skrini naiona ngozi ya bibi harusi palepale, narekebisha taa palepale. Kwa hilo dijitali imetutendea wema ambao filamu ya miaka ya 1960 isingeweza.

Ila hata hapo mambo yana upande wa pili. Chukua bwana harusi mweusi ti, kanzu nyeupe, saa saba mchana nje ya msikiti. Ukipima mwanga kwa kufuata uso, kwenye dijitali kanzu inaungua: inakuwa karatasi tupu, darizi zote za kifuani zimepotea na hakuna programu ya kuzirudisha, maana hazikuandikwa kabisa. Ukipimia kanzu, uso unazama gizani, na ukiuinua kwenye kompyuta unakuja na vumbi la rangi. Negativu ya rangi ya kisasa haiogopi mwanga wa ziada. Unaizidishia stopu mbili, hata tatu (kila stopu ni mwanga maradufu), uso unatoka, na darizi ukizitafuta wakati wa kuchapa unazikuta zimelala humo. Wenye kamera mpya za bei mbaya watasema sensa zao, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, nazo zinaweza. Zinaweza, mkono ukiwa makini. Mkanda unamsamehe hata fundi aliyechoka.

Hata hivyo hiyo bado ni sura ya picha. Hoja yangu imo kwenye kasha la yule mzee, na naomba msomaji anivumilie kwenye hesabu, kwa sababu hesabu hii inaninyima usingizi.

Enzi za mkanda, harusi ya kawaida ilikula mikanda minne ya 36. Picha 144. Tuseme fundi mwenye bahati anapata harusi 40 kwa mwaka: mikanda 160. Kila mkanda unakatwa vipande vya picha sita sita, vipande sita vinaenea kwenye ukurasa mmoja wa plastiki. Mwaka mzima wa kazi ni kurasa 160, yaani mafaili mawili manene. Unayaweka juu ya kabati na kuyasahau. Hayahitaji umeme wala nywila, na hakuna kampuni itakayokutoza kila mwezi kwa kukuhifadhia.

Njoo kwangu sasa. Harusi moja napiga picha 1,500, kwa sababu kubonyeza ni bure. Faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kubanwa, la kamera ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 25. Harusi moja inakaribia gigabaiti 40. Harusi 40 ni terabaiti moja na nusu. Weka na nakala, maana asiye na nakala hana kitu: terabaiti tatu kwa mwaka mmoja. Miaka kumi, terabaiti thelathini, na diski za mwaka wa kwanza zimeshazeeka zinadai kubadilishwa. Hakuna fundi wa mtaani ninayemjua anayefanya hivyo. Tunachofanya ni hiki: tunachagua picha themanini, tunazing'arisha, tunampa mteja kwenye fleshi, tunafuta mafaili ghafi mwisho wa mwezi, na memori kadi inafutwa Ijumaa usiku kwa sababu Jumamosi kuna sendofu. Mteja naye anazituma WhatsApp, zinabanwa, fleshi inapotea na funguo za gari, simu inaibiwa kituo cha daladala. Picha 1,500 zilizopigwa, na baada ya miaka mitano inabaki moja, ile ya wasifu, imekatwa kichwa na mabega.

Mtu atasema huo ni uzembe wetu, kamera haina kosa. Nakubali nusu. Vifaa vya kutunza vipo, na faili la dijitali lina sifa moja ambayo negativu haitakuwa nayo milele: nakala yake ni sawasawa na lenyewe. Unaweza kuwa nayo nyumba tatu. Negativu ni moja, na moto ukipita studio usiku mmoja umekwisha na miaka yako yote. Pwani hii unyevu unaila, ukungu unaota juu yake kama kwenye mkate, na rangi zinapauka hata gizani. Mzee mwenyewe ana kasha zima la mwaka 1995 lililogandamana baada ya bati kuvuja. Kwa hiyo siimbi wimbo wa filamu isiyokufa.

Tofauti naiona kwenye tabia ambayo kila chombo kinamjengea mtu. Mkanda ulitunza picha bila fundi kuamua kutunza. Hukuweza kuufuta ili uutumie kesho. Ukishapigwa umepigwa, na kuutupa kulihitaji kunyanyua mkono. Dijitali inataka uamue kutunza leo, kesho, na tena baada ya miaka mitano diski ikizeeka, na kila mara ulipie. Maskini anapotakiwa kulipia kitu kila mara ili kibaki, kitu hicho hakibaki.

Halafu kuna mkate. Studio ya zamani iliuza picha, ikabaki na negativu. Mteja akitaka nyingine ya kumpelekea shangazi Muscat, anarudi na namba yake ya bahasha. Fundi alikuwa na mali kabatini. Pale Shangani, Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelea kuuza picha za Unguja ya kale miaka mingi baadaye, mwanawe akiwa dukani, kwa sababu tu negativu zilikuwepo. Leo neno la kwanza la mteja ni "nitumie zote." Zote. Tumegeuka vibarua wa siku: unalipwa Jumamosi, Jumapili huna kitu chochote cha kazi yako. Yule kijana wa kazi za harusi anasema ndivyo soko lilivyo, na mteja ana haki ya sura yake. Sibishi kuhusu haki ya mteja. Nasema tu kwamba hakuna aliyekaa kuipigia hesabu biashara hiyo tulipokuwa tukihama; tulifurahia kuacha kununua mikanda.

Nisije nikaonekana natakasa enzi zile. Mzee ananisimulia walivyokuwa wakiwapiga watu "picha za hewa": mkanda umebaki picha nne, bibi harusi hajashuka kwenye gari, na wajomba wamejipanga wanataka kupigwa. Unawasha flashi, wanafurahi, kamera haikusogeza kitu. Ukiulizwa baadaye, mkanda uliungua. Ni uongo wa kazini ambao dijitali imeufuta, alhamdulillahi.

Basi nimeamuaje? Kazi ya kulipa kodi ya pango naifanya kwa dijitali, na kijana akija kuniuliza aanze na nini namwambia dijitali bila kusita. Lakini kila harusi nabeba na ile Yashica, mkanda mmoja wa aina ya 120, wenye picha kumi na mbili, nyeusi na nyeupe, ngozi ikitoka kama ilivyo. Napiga wazazi wa pande zote mbili, mabibi, na wale ambao kila mtu mle ukumbini anajua hawatafika harusi ijayo. Simtozi mteja zaidi, na negativu simpi. Nampa namba ya bahasha.

Na picha ya 4417? Sikuichapa kwenye chumba cha giza. Niliiweka juu ya boksi la taa, nikaipiga kwa kamera ya dijitali yenye lenzi ya karibu, nikaigeuza kwenye kompyuta na kutoa nne. Tangu siku ile nimeanza kupitia daftari hivyohivyo kuanzia namba hiyo, bahasha kwa bahasha, nakala moja dukani na nyingine kwa dada yangu Muheza. Nimefika 4,902. Namba ya mwisho daftarini ni 11,360. Kwa bahasha thelathini kila Jumapili nitamaliza baada ya miaka minne na ushei, kama diski zitakubali.