Sandwichi ya Submarine: New London au Paterson?

Kwa Mmarekani, submarine ni nyambizi ya kivita, lakini pia ni mkate mrefu uliosheheni nyama na jibini. Mkate ulipewa jina la chombo kwa sababu ya umbo. Hilo halina ubishi. Ubishi ni wapi na lini.

Wengi huitaja New London, Connecticut. Ng'ambo ya mto, kule Groton, ipo kambi kubwa ya nyambizi, na inasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili mikate hii iliagizwa kambini kwa wingi, jina likazaliwa hapo. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka, na nadhani ndiyo maana watu hawayahoji.

Tarehe zinayakataa. Kitabu cha simu cha Wilmington, Delaware, cha Januari 1940 tayari kinatangaza sandwichi za jina hilo, ilhali Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Mabaharia wa vita ile huenda walilieneza jina, ila hawakulizaa.

Paterson, New Jersey, ina hoja nzito zaidi. Dominic Conti, mhamiaji kutoka Montella, Italia, alifungua duka la vyakula huko mnamo 1910 hivi. Mjukuu wake ameeleza alivyoupanga mkate: nyama, saladi, nyanya, vitunguu, mafuta na siki, na jibini ikitandikwa chini na juu ili mkate usilowe. Inasemekana jina lilimjia alipoiona Fenian Ram, nyambizi ya mvumbuzi John Philip Holland ya 1881, ilipowekwa mjini hapo mwishoni mwa miaka ya 1920. Mazingira yanakubali: Holland aliwahi kuwa mwalimu Paterson, na chombo chake cha kwanza alikijaribu 1878 katika mto Passaic unaopita hapo.

Udhaifu wa hoja hii ya Paterson ni kwamba ni kumbukumbu ya familia, haina tangazo wala gazeti la wakati ule. Hata hivyo naiweka mbele ya New London, kwa sababu tarehe zake haziipingi. Na kile kitabu cha Wilmington, ingawa hakimtaji Conti, kinampa nafasi: mfanyabiashara halipii tangazo lenye jina ambalo wateja hawalielewi, kwa hiyo kufikia 1940 jina lilikuwa limeshazoeleka midomoni mwa watu.